Santuri Iliyochongwa Katesh

Nilipokuwa na umri wa miaka minane niliiharibu santuri ya baba kwa msumari. Mwaka huo ulikuwa 1976, na nyumba yetu, katika nyanda za juu za Mbulu, ilikuwa miongoni mwa nyumba chache za kijiji kile zilizokuwa na gramafoni. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, sanduku jeusi lenye kifuniko, na santuri zake zilikuwa tisa. Naikumbuka idadi hiyo kwa kuwa sisi watoto tuliruhusiwa kuzihesabu, lakini hatukuruhusiwa kuzigusa. Nane zilikuwa za Kiswahili, na moja ilikuwa ya Kilingala, ambayo hakuna aliyeielewa na ambayo kila mtu aliiimba. Ya Kiiraqw haikuwapo hata moja.

Nikamwuliza baba sababu yake. Akanijibu kwamba sisi hatujapata mtu wa kutuchora. Jibu lile sikulielewa lote, ila neno kuchora lilinikaa moyoni. Niliona kwamba uso wa santuri una mistari myembamba, na mstari huchorwa kwa kitu chenye ncha. Basi siku moja, wakubwa walipokwenda mnadani, nilitwaa msumari wa bati, nikaizungusha hendeli, nikauweka msumari juu ya ile ya Kilingala, nikaimba kwa sauti yangu yote wimbo tuliokuwa tukiuimba machungani.

Fimbo nilizopata jioni ile sina haja ya kuzisimulia. Lakini leo, nikiwa mtu mzima niliyekula chumvi kiasi chake na kuitumikia serikali katika kazi za utamaduni kwa zaidi ya miaka thelathini, naweza kusema bila haya kwamba wazo langu halikuwa na kosa. Kilichopungua kilikuwa kifaa.

Tazama, msomaji, namna sauti inavyogeuka kuwa mstari. Thomas Edison, mwaka 1877, alisema kwa sauti kwenye mdomo wa chombo chenye utando mwembamba. Utando ukatikisika kwa sauti, ukaisukuma sindano iliyogusana nao, na sindano ikaacha alama katika karatasi ya bati iliyoviringishwa juu ya mche unaozunguka. Sindano iliporudishwa mwanzo na kupitishwa tena katika alama zile zile, utando ulitikisika kama ulivyotikiswa, na maneno yakarudi. Baadaye bati liliachwa, ikatumiwa nta. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba fonografu ile ilikuwa kalamu na msomaji kwa pamoja. Mtu aliyeinunua aliweza kusikiliza wimbo wa mwingine, tena aliweza kuimba wake akauhifadhi sebuleni kwake.

Kisha mwaka 1887 Emile Berliner akaleta sahani bapa, yaani santuri tunayoijua. Faida yake ilikuwa kubwa: sahani moja mama iliweza kuzaa maelfu. Lakini kalamu ikaondolewa. Mnunuzi alipewa chombo cha kusomea tu, na chombo cha kuandikia kikabaki kiwandani. Wengi huyasimulia mabadiliko hayo kama maendeleo matupu. Mimi naona kwamba siku ile ndipo wanyonge wa dunia walipoanza kusikiliza zaidi ya walivyosikilizwa.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya nta, na sauti za watu wa huko zikasafiri hadi Berlin, ambako tangu mwaka 1900 kulikuwa na hifadhi maalumu ya sauti za mataifa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari kwenda Bombay ili sauti yake ichongwe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo, na hazina yake leo imo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Watu hao walituhifadhia mengi ambayo sisi wenyewe tungeyapoteza, nami siwabezi. Lakini kila mara mwenye sindano ndiye aliyechagua ni nani aimbe, wapi aanze na wapi aishie. Santuri ya kale, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Wimbo wetu unaokwenda usiku kucha ungeingiaje humo?

Baada ya Uhuru, Radio Tanzania ilifanya kazi kubwa ya kurekodi bendi, kwaya na ngoma katika tepe, na nani wa rika langu asiyeijua? Hata hivyo kiwanda cha kuchapa santuri hapakuwa nacho hapa nchini, na bendi zetu zilitazamia Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, santuri mpya zilikuwa adimu huku kwetu kama chumvi wakati wa masika. Baba aliendelea na zile nane zilizobaki. Alinikumbusha hesabu hiyo mara nyingi.

Sasa niseme kuhusu tepe. Nilipokuwa kijana kazini, miaka ya 1990, nilikwenda na kinasa sauti katika mbuga za Hanang kurekodi nyimbo za Wabarbaig zinazoimbwa katika bung'ed. Hilo ni kaburi la heshima la mzee, kichuguu cha udongo kinachoinuliwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi, na sherehe yake hukusanya ukoo wote. Wazee walisita kuniruhusu. Walikuwa na uchungu, kwa kuwa mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa Basotu katika miaka ya 1970 na 1980, baadhi ya makaburi ya namna hiyo yalipitiwa na majembe ya trekta. Mwishowe waliniruhusu kwa sharti moja: sauti zao zisipotee. Nikaahidi. Nikaipeleka tepe ofisini, nikapewa hati ya kupokelewa. Miaka minne baadaye nilipoiomba niisikilize, nilisikia hotuba ya ufunguzi wa semina. Tepe zilikuwa pungufu, nikaambiwa, na ile ilionekana kuwa na kelele tu. Sikurudi kwa wazee wale kuwaeleza. Wengi wamekwisha kufariki, na deni hilo ningali nalo.

Tangu siku ile nilianza kukiheshimu kitu kisichofutika. Tepe huandikwa kwa sumaku, na sumaku hiyo hiyo hulifuta andiko bila kuacha kovu. Mfuo wa santuri ni jeraha. Waweza kuuvunja au kuuchoma, lakini huwezi kuandika hotuba juu yake.

Mwaka 2021 nilimpata fundi redio mmoja pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, mtu wa makamo, Mnyiramba, mwenye kibanda kilichojaa redio zisizo na wenyewe. Nilikuwa nimesoma kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Leningrad, waliokatazwa muziki wa kigeni, walikuwa wakijichongea santuri kwa siri katika picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, hata ukitazama santuri kwenye mwanga unaona mbavu za mtu. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walizunguka Kusini mwa Marekani na mashine ya kuchonga sahani za alumini, yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, ndani ya gari lao, wakachonga nyimbo za wafungwa na wakulima papo hapo walipokuwapo. Nikamweleza fundi yote hayo. Alinisikiliza huku akichomea waya, kisha akauliza, “Bwana Utamaduni, hiyo eksirei unayo?”

Nilikuwa nayo. Ilikuwa picha ya kifua cha baba, iliyopigwa mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, nami nilikuwa nimeitunza sandukuni pamoja na stakabadhi zake za kodi. Na kaseti nilikuwa nayo pia.

Kaseti ile yahitaji maelezo. Wairaqw wanayo sala ya kishairi iitwayo slufay. Husemwa na mzee mwenye ulimi, mbele ya watu waliokutanika, akiiombea nchi mvua, watoto, mifugo na amani. Humtaja Looa, mwenye kuleta heri, na netlangw, wale wakaao penye maji. Huyo mzee hasemi peke yake. Kila anapotua, watu humwitikia kwa pamoja, na mwitikio ule ndio unaoibeba sala. Baba alikuwa mmoja wa wasemaji hao. Mwaka 1994, baada ya mavuno, majirani walipokusanyika uani kwetu na pombe ikiwa tayari, nilimrekodi upande mzima wa kaseti ya dakika 90, yaani dakika 45. Kufikia mwaka 2021 mkanda ulikuwa umeanza kunata, na sauti ya baba ilikuwa ikiyumba kama mtu asemaye akiwa juu ya punda.

Mashine yetu ilitokana na mabaki. Fundi alikuwa na kizungushio cha santuri cha umeme chenye mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika. Alichukua spika ndogo, akaichana karatasi yake, akabakiza koili na sumaku. Juu ya koili akagundisha kijiti chepesi chenye sindano ya cherehani aliyoinoa kwa tupa na kuimalizia kwenye jiwe. Kaseti ikipiga, koili hucheza, na sindano hucheza nayo. Lakini sindano ikikaa mahali pamoja itazunguka duara moja tu. Ni lazima isogezwe kuelekea katikati kwa mwendo wa taratibu usiobadilika. Kwa hilo alitumia bolti ndefu yenye nyuzi za karibu karibu, ikizungushwa na mota ya kinanda cha kaseti kupitia mpira na magurudumu matatu. Kwa uzito wa kuikandamiza sindano tuliweka sarafu za shilingi mia. Sarafu mbili zilikuwa chache, nne zilitoboa, tatu zilifaa.

Eksirei ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mashine za viwandani hukata mfuo katika sahani ya alumini iliyopakwa laki laini, na uzi mwembamba hutoka kama maganda ya randa. Sahani hizo siku hizi ni adimu hata kwa matajiri: tarehe 6 Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California kiliungua, na dunia nzima ikabaki na kiwanda kimoja tu kikubwa cha kuzitengeneza, huko Japani. Sindano yetu haikukata. Iliubonyeza mfuo katika plastiki, kama kidole katika udongo mbichi. Tulijaribu kwanza katika CD zilizokwisha kuharibika. Ya kwanza ilitoa mngurumo wa mota peke yake. Katika ya tatu umeme ulikatika tukiwa katikati, na sauti ya baba ikashuka, ikawa nzito, ikazama. Nilitoka nje kidogo.

Taabu kubwa ilikuwa sauti nzito. Sauti nene huitupa sindano kwa upana, hata mfuo mmoja ukauvamia jirani yake, na baba alikuwa na sauti ya pipa. Wataalamu walilitatua jambo hili zamani: wakati wa kuchonga hupunguza sauti nene na kuongeza nyembamba, kisha wakati wa kupiga hurudisha kila moja mahali pake, na kipimo chake walikubaliana Marekani mwaka 1954. Fundi hakuwahi kusikia habari za kipimo hicho. Alijaribu kapasita moja baada ya nyingine kutoka katika kopo la maziwa, akisikiliza kwa kichwa kilichoinama, hadi sauti ya baba ilipokaa kwenye njia yake. “Mzee alikuwa mkali huyu,” akasema.

Ikabaki kuchagua. Eksirei ilitupa sahani moja ya inchi saba, na sahani ile dakika tatu, yaani mfuo mmoja unaojizungusha mara 135. Dakika tatu kati ya 45! Nami niliyewalaumu wenye sindano wa Berlin na Bombay, sasa sindano ilikuwa mkononi mwangu. Nilisikiliza kaseti ile kwa wiki mbili. Mwishoni mwake, baada ya kuimaliza sala, baba aliongeza maneno yake mwenyewe akawaombea wanawe mmoja mmoja kwa jina. Katikati kulikuwa na mahali ambapo sauti yake mwenyewe ilikuwa imekauka, anasema maneno machache tu na kutua, lakini mwitikio wa majirani unapanda kama maji ya mto, hata unamsikia ameinuliwa. Nikachagua hapo. Niliona kwamba maneno yanaweza kukumbukwa na mtu mmoja, lakini mwitikio hauwezi kukumbukwa na mtu mmoja.

Tuliichonga Jumamosi moja mchana, kwa mara moja, kwa kuwa eksirei ilikuwa moja. Ilipotoka niliinua nikaitazama kwenye jua la mlangoni: mifuo ilikuwa imeuzunguka moyo wa baba, nao ulionekana kama kivuli upande mmoja wa tundu la katikati. Tulipoipiga kulikuwa na mchakacho kama mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua ile watu wa uani kwetu, mwaka 1994, wakaitikia.

Niliirudisha santuri nyumbani Mbulu. Kaseti nilimwachia fundi, tukapatana kwamba nitatafuta eksirei nyingine tuendelee na sehemu zilizobaki. Zilipita siku, ikapita miaka miwili. Hospitali nyingi sasa huzitazama picha za mifupa katika kompyuta, na ile filamu ya zamani haipatikani upesi. Lakini huo ni udhuru tu. Wanangu walinihimiza niinakili kaseti katika simu, kazi ya saa moja. Nilisema nitafanya.

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka, na tope, mawe na miti vikashuka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna hiyo ni aibu kutaja kaseti, na kwa miezi mingi sikuitaja. Fundi alinusurika pamoja na watoto wake. Kibanda chake, pamoja na mashine, redio zisizo na wenyewe na kaseti ya baba, kilijaa tope hadi darini.

Tulipokutana kwa matanga ya shangazi, mwaka uliofuata, niliipiga santuri ile kwa mara ya kwanza mbele ya ndugu. Wazee watatu wa jirani walikuwapo. Walipousikia mwitikio nao wakaitikia, bila kuombwa, na mmoja akamtaja kwa jina mtu aliyeitambua sauti yake, marehemu wa miaka ishirini. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini kaka yangu mkubwa alikaa kimya mpaka watu wakatawanyika, ndipo akaniuliza, “Mdogo wangu, na pale baba alipotuombea kwa majina?” Nikamwambia kwamba pamekwenda na tope. Akauliza tena ni nani aliyechagua. Nikasema ni mimi.

Hatukusemezana vizuri kwa muda. Kaka hakusoma kama mimi. Alibaki na ng'ombe ili mimi nisome, na katika kaseti ile jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Sina hakika kama nilichagua vema. Kama shairi, nilichagua vema. Kama ndugu, sijui, na zipo siku naiona santuri ile kama ile ya Kilingala niliyoikwaruza kwa msumari.

Sasa dakika tatu zile zimenakiliwa katika simu za nyumba nzima. Santuri yenyewe naipiga kwa nadra, kwa sababu kila mara sindano inapopita hula kidogo. Nimeandika idadi nyuma ya bahasha yake, imefika kumi na moja. Fundi amepata mota nyingine na ameanza kibanda kipya upande ambao tope halikufika. Alinipigia simu mwezi uliopita kuulizia eksirei. Ipo moja, ya goti langu, la tangu nilipoanguka na pikipiki ya ofisi.

Nilikwenda kumwambia kaka. Slufay ya baba aijua kuliko mimi, ingawa hakuwahi kuisema mbele ya watu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema atakuja baada ya mavuno, lakini hatasema peke yake mbele ya chuma. Nimletee watu wa kuitikia. Nimewapelekea salamu wale watatu.